Sahani Nyeusi Ukutani

Warusi waliiita sahani, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa: duara la karatasi nyeusi, pana kama sinia la chai, limebanwa kwenye pete ya chuma, na waya mmoja ukitoka mgongoni mwake kuingia ukutani. Haikuwa na kitufe cha kutafutia stesheni kwa sababu stesheni ilikuwa moja. Ukitaka inyamaze kabisa, uchomoe waya. Katika mji wa Leningrad, ambao leo umerudia jina lake la zamani la St Petersburg, watu waliuacha waya ulivyo, usiku na mchana, kwa karibu miaka miwili na nusu.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha studio, hata cha redio ndogo ya wilayani kama ile niliyoanzia mimi, huisoma habari ya sahani ile kwa namna yake. Wengine wanasoma vita. Yeye anasoma kazi. Anajiuliza nani alikuwa zamu. Karatasi ilishikwaje na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi? Kipindi kikiisha kabla ya wakati wake, walijaza nini? Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwahusudu mafundi mitambo wa Leningrad kuliko watangazaji wengi wenye majina makubwa, maana jibu walilolipata ni moja ya kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa na redio popote.

Lakini tuanze na waya. Umoja wa Kisovieti ulijenga redio yake tofauti na tulivyozoea huku, ambako sauti inapaa na kila mwenye kisanduku chake anainasa apendavyo. Kule miji ilitandazwa nyaya kama za simu, kutoka kituo cha kati hadi sebuleni, kiwandani, kwenye korido za hospitali na kwenye spika kubwa za barabarani. Leningrad peke yake ilikuwa na sahani hizo kwa malaki. Vita na Ujerumani vilipoanza Juni 1941, wenye redio za mawimbi waliamriwa wazisalimishe, zikakaa stoo. Tusipambe: serikali haikutaka raia wake waisikilize Berlin. Hata hivyo waya uliobaki ulikuja kuwa na faida yake. Mnara wa redio ni taa kwa rubani wa adui. Akiyanasa mawimbi yake anajua mji uko upande gani hata kukiwa na giza totoro. Waya haumwambii kitu. Ndege zikiwa juu kabisa ya paa, sahani iliweza kuendelea kusema.

Mzingiro wa jeshi la Wajerumani kuuzunguka mji ulifungwa tarehe 8 Septemba 1941 na ulidumu siku 872. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba mwaka huo, posho ya mkate kwa watoto, wategemezi na wafanyakazi wa ofisini ilikuwa gramu 125 kwa siku, tena mkate uliochanganywa na selulosi ya miti. Waliokufa kwa njaa na baridi wanahesabiwa kwa malaki. Sitakaa hapo, wapo walioandika habari hizo vizuri kuliko mimi, na wengi wao waliila posho hiyo.

Sasa metronomu. Ni kile kijisanduku cha wanafunzi wa piano kinachogonga kwa mpigo sawa, tak, tak, tak, ili mwanafunzi asikimbie wala asichelewe. Kati ya kipindi na kipindi, na usiku kucha wakati hakuna kipindi, redio ya Leningrad iliurusha mlio huo kwenye nyaya zake. Ukiwa wa polepole, mapigo kama 50 kwa dakika, ulibeba habari mbili kwa pamoja: waya ni mzima, na anga ni shwari. Ndege zikikaribia, king'ora kililia, mtangazaji akasoma tangazo la hatari, kisha metronomu ikashika mbio, zaidi ya mapigo 150 kwa dakika, mpaka hatari ipite. Ikirudi kwenda polepole, unajua umepona safari hii.

Ni hayo tu. Lakini kaa nayo kidogo uone ilivyofikiriwa.

Wangeweza kuweka muziki. Muziki, hata hivyo, una tabia. Una furaha au una huzuni, na mwenye njaa hana subira na furaha ya mwingine. Tena muziki unaisha. Santuri ikifika mwisho lazima mtu ainuke aigeuze, na mtu huyo naye hajala. Wangeweza kuweka maneno. Maneno nayo yanachakaa: mtu akirudia kwamba tuko salama, tuko salama, kila nusu dakika, kufikia saa sita za usiku hakuna anayemwamini tena, na kufikia alfajiri watu wanaanza kushuku kwamba ndiye anayeogopa kuliko wote. Mpigo mtupu hauwezi kusema uongo kwa kuwa hausimulii kitu. Tak: nipo. Tak: bado nipo.

Na ule upande wa hatari je? Tofauti ya polepole na mbio haihitaji kufikiri. Mama aliyelala chini ya mablanketi matatu na koti juu yake anaisikia akiwa katikati ya usingizi, na miguu yake inatafuta viatu kabla akili haijaamka. Mtoto asiyejua kuhesabu anaielewa. Mgeni asiyejua neno la Kirusi anaielewa. Mapigo 50 kwa dakika yako chini kidogo ya moyo wa mtu aliyetulia. 150 ni moyo wa mtu anayekimbia. Wapiga ngoma wetu wanaijua siri hiyo tangu enzi, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuhitaji mkalimani wa kumweleza kama ngoma inayolia ng'ambo ni ya harusi au ya maafa. Tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ubunifu wa Leningrad ulikuwa kuipa sauti hata hali ya kutokuwepo jambo, ili ukimya usibaki kuwa fumbo la kuwatesa watu.

Katika kazi yetu kimya hewani ni kosa la kuitwa ofisini. Nakumbuka asubuhi moja mashine iligoma nikiwa zamu, kidole changu kikabonyeza vitufe visivyoitika, na kabla sijahesabu sekunde kumi mlinzi wa getini alikuwa mlangoni pa studio akiuliza kama tumepigwa na radi. Hakuwa na habari na kipindi. Ningemuuliza nilikuwa nasoma nini asingejua. Lakini sauti ilipokatika alisimama. Msikilizaji anaweza asikusikilize kwa saa nzima na bado akakutegemea. Unalijua hilo siku unaponyamaza.

Leningrad ilinyamaza. Januari 1942 umeme ulipungua mno, na sahani zikazimika katika sehemu kubwa ya mji. Mshairi Olga Berggolts, aliyekuwa akifanya kazi redioni humo, aliandika baadaye kwamba watu walianza kuja wenyewe Nyumba ya Redio kutoka pembe za mbali, kwa miguu, kwenye theluji, kuuliza imekuwaje. Mmoja alikuwa mzee kutoka Kisiwa cha Vasilievsky, amekuja na mkongojo. Hakuja kuomba mkate. Alitaka redio iseme, iseme chochote, kwa maana bila hiyo alijiona kama amelazwa kaburini. Fikiria hesabu ya safari ile. Kwa mwili wa Januari ile, kila hatua ilikuwa chakula kinachotumika bila kurudishwa, na mzee aliona inafaa kuzitumia zile alizobakiwa nazo kwenda kuulizia sauti.

Ndani ya nyumba hiyo hali haikuwa tofauti. Wafanyakazi walihamia humo humo, wakalala kwenye chumba kimoja kirefu kilichojaa vitanda vya kukunja. Kulikuwa na mwimbaji aliyeimba kipande chake cha opera akiegemea fimbo, na jioni ya siku hiyo hiyo akafa. Mwigizaji Maria Petrova aliendelea kuwasomea watoto hadithi. Watu wasiojua kazi hii hudhani sauti iko kooni. Sauti iko tumboni, kwenye misuli inayosukuma pumzi, na njaa inaila misuli hiyo mapema. Sentensi ndefu inakuwa mlima. Ukizisoma hotuba na mashairi yaliyotangazwa majira yale utaona sentensi nyingi ni fupi, zenye mahali pa kutua, na mimi siamini kwamba ni mtindo tu. Mtu aliyeandika alijua mapafu ya atakayesoma, kwa kuwa mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Berggolts alikuwa na miaka 31 vita vilipofika mlangoni. Miaka miwili na kitu kabla ya hapo serikali hiyo hiyo ilikuwa imemfunga, Desemba 1938, kwa tuhuma za kisiasa. Akiwa kizuizini alipoteza mimba, na Julai 1939 wakamwachia. Huyo ndiye aliyekuja kuwa sauti ya mji. Januari 1942 mumewe, Nikolai Molchanov, alikufa kwa njaa. Berggolts aliendelea na zamu.

Ustadi wake unaonekana wazi katika shairi la Desemba 1941 liitwalo Mazungumzo na Jirani. Halihutubii taifa. Linamketisha mwanamke mmoja, Darya Vlasyevna, jirani wa fleti moja, na kuanza kuongea naye kama wanawake wawili wanavyoongea jikoni: habari za vita, za mkate, za siku ambayo yote haya yatakuwa yamepita. Kila aliyekuwa chini ya sahani alijikuta yeye ndiye jirani. Watangazaji wa Kiswahili tulirithishwa jambo hili bila kuelezwa sababu yake. Tulifundishwa kusema mpenzi msikilizaji, si wapenzi wasikilizaji, hata kama wanaotusikia ni milioni. Anayesema wasikilizaji anapanda jukwaani. Anayesema msikilizaji anavuta kigoda.

Kuna sauti nyingine ya vita vile ambayo kila mtu anaitaja, na haki yake apewe. Yuri Levitan alizaliwa Vladimir mwaka 1914, akaenda Moscow akitaka kuwa mwigizaji wa filamu, akakataliwa na kuchekwa kwa lafudhi yake ya mkoani iliyokuwa ikiizungusha kila o. Aliingia redioni kama mwanagenzi, akajinoa usiku na mchana mpaka lafudhi ikamtoka. Ndiye aliyewatangazia watu wa Kisovieti kuanza kwa vita tarehe 22 Juni 1941, na ndiye aliyewatangazia ushindi tarehe 9 Mei 1945. Sauti yake ilikuwa kengele ya shaba. Neno moja likitoka unaona mlango mkubwa unafunguka. Alipotamka kwamba inayosema ni Moscow, nchi ilisimama. Kwa sehemu kubwa ya vita hakuwa Moscow kabisa. Alikuwa amefichwa Sverdlovsk, maili nyingi mashariki, kwenye Milima ya Ural, kisha Kuibyshev. Sioni udanganyifu hapo. Moscow aliyoitaja ilikuwa cheo, kama mtu anavyosema Ikulu imesema.

Lakini Leningrad ilipotamka kwamba Leningrad inasema, ilikuwa Leningrad. Vipindi vyake vilivuka mzingiro kwa mawimbi na kusikika katika nchi nzima, na kwa mtu wa Tashkent au Siberia aliyekuwa na ndugu mle ndani, maneno hayo mawili yalitosha hata kama hakusikia lililofuata. Mji haujaanguka. Levitan alikuwa anashusha habari kutoka juu kuja kwa watu. Berggolts alikuwa anaipitisha ubavuni, kutoka mwenye njaa kwenda kwa mwenye njaa. Taifa linahitaji zote mbili. Mimi nikilazimishwa kuchagua ya kuisikia usiku nikiwa peke yangu, naichukua ya jirani.

Pana doa, na kulificha ni kumvunjia heshima Berggolts mwenyewe. Kila karatasi ilipita kwa wakaguzi kabla ya kufika maikrofoni. Idadi ya waliokufa haikusomwa. Berggolts aliposafirishwa Moscow Machi 1942 alikuta kwamba huko ukweli wa njaa ya Leningrad haukutakiwa kusemwa hewani, na hasira yake aliimwaga kwenye shajara aliyoificha. Mtu akizisoma shajara zile sambamba na matangazo yake anaona watu wawili. Nilikuwa na wasiwasi na hilo kwa muda, nikijiuliza kama ninayemhusudu ni mpiga propaganda mwenye kipaji. Kilichonituliza ni kurudi kwenye lile shairi la jirani. Lina giza na kipande cha mkate kinachosemwa kwa uzito wake. Aliyekuwa anasikiliza alijua mwanamke huyu anaishi anapoishi yeye. Alipozuiwa kusema wangapi, alisema vipi. Huyo naye ni fundi anayefanya kazi na mbao alizopewa.

Na mkasa wa okestra? Wengi wakiisikia Leningrad wanauliza habari ya simfonia, kwa hiyo niipitie, ingawa naona imesimuliwa mpaka imetoa mng'aro usio wake. Okestra ya redio ilikuwa karibu imekwisha. Yakov Babushkin, aliyesimamia vipindi vya sanaa, alikuwa akimsomea mpiga chapa ripoti aiandike, na katika ripoti hiyo watu waliitwa kwa ala zao: fidla ya kwanza inakufa, ngoma imekufa njiani kuja kazini, pembe iko mahututi. Ni lugha ya kazini kabisa. Fundi anayeripoti upungufu wa vifaa, ila vifaa ni watu.

Kiongozi wa okestra Karl Eliasberg, mwenyewe akiwa amekonda mpaka mifupa, aliwakusanya waliobaki. Mazoezi ya kwanza Machi 1942 yalikatika mapema kwa sababu wapuliza ala hawakuwa na midomo ya kuzipulizia. Misuli ya midomo nayo huliwa na njaa, jambo ambalo mtu wa redio na mtu wa tarumbeta wanaweza kusikitika pamoja. Wanamuziki wakaongezewa posho, wengine wakatolewa kwenye vikosi vya jeshi. Tarehe 9 Agosti 1942 walipiga Simfonia ya Saba ya mtunzi Shostakovich. Mizinga ya Jenerali Leonid Govorov ilikuwa imefyatuliwa kwa wingi kwanza ili ya Wajerumani inyamazishwe, isije ikaharibu tamasha. Redio ikalichukua likaingia kwenye sahani zote, na kwenye spika za barabarani, hadi mstari wa mbele.

Kinachonivuta ni maikrofoni. Fikiria kumsikiliza mpuliza obo ambaye pumzi zake zinahesabika, na wewe umekaa na kirungu cha sauti mkononi. Ukiongeza mno, mji mzima unasikia mtu akitweta. Ukipunguza mno, obo inapotea. Hakuna mazoezi ya kutosha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kurudiarudia. Majina ya waliokuwa kwenye meza ya mitambo jioni ile hayatajwi kwenye vitabu vinavyowataja Shostakovich, Eliasberg na hata jenerali wa mizinga. Katika kazi hii fundi akifanya vizuri hasikiki.

Babushkin hakuuona mwisho. Aliingia jeshini na kuuawa karibu na Narva mwaka 1944. Mzingiro ulikuwa umevunjwa kwanza tarehe 18 Januari 1943, na habari ilifika redioni usiku. Usiku ule Nyumba ya Redio ilifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu vita vianze: ilifungua maikrofoni bila karatasi. Watu walizungumza bila maandishi yaliyopitishwa, mmoja akimwachia mwingine, na matangazo yakaendelea mpaka usiku wa manane, kupita saa zote za kawaida. Berggolts naye alizungumza. Majirani waligongeana milango wakaja kusimama chini ya sahani moja, wengine wakilia.

Njia iliyofunguliwa ilikuwa nyembamba, ukanda tu kando ya ziwa Ladoga. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa bado inaufikia mji, na ingeendelea kuupiga kwa mwaka mmoja zaidi. Kwa hiyo waliozungumza walipomaliza, na wa mwisho akaondoka mbele ya maikrofoni, metronomu ikarudishwa kwenye waya, polepole.